“Yes, do as I say!”: kisa cha Steam iliyoondoka na disktopu nzima

Novemba 2021 ilizunguka video moja ambayo mpaka leo ukikaa na watu wa Linux dakika kumi lazima mmoja ataitaja. Linus Sebastian, jamaa wa Kanada mwenye chaneli ya Linus Tech Tips (siyo Linus Torvalds aliyeianzisha Linux, wengi huwachanganya), alikuwa amewekeana changamoto na mwenzake Luke Lafreniere kwamba waache Windows kwenye kompyuta zao za nyumbani watumie Linux, waone mtu wa gemu ataishi vipi. Luke akachukua Linux Mint, yeye akachukua Pop!_OS, distro (yaani toleo la Linux lililofungashwa tayari kutumika) ya kampuni ya System76 ya kule Colorado, Marekani, ambayo ilikuwa inasifiwa kila kona kwamba ndiyo rahisi kwa wageni na kwa wacheza gemu.

Kaiweka, imekaa vizuri, sasa anataka Steam, ile programu ya kununulia na kuchezea gemu. Bila Steam hakuna gemu, kwa hiyo hata changamoto yenyewe haijaanza. Anafungua duka la programu la hapo hapo, Pop!_Shop, anabonyeza kuweka, duka linakataa na ujumbe usioeleweka. Akafanya ambacho mimi na wewe tungefanya, akatafuta mtandaoni, akakuta ushauri wa kutumia teminali, lile dirisha la kuandika amri, akaandika sudo apt-get install steam (sudo ni kuomba ruhusa ya msimamizi, na apt-get, au kwa kifupi apt, ndiyo inayoweka programu). Teminali ikamwaga maandishi marefu na mwisho kabisa ikamwambia kwamba yuko karibu kufanya jambo linaloweza kuleta madhara, na kama anataka kuendelea basi aandike maneno haya herufi kwa herufi: Yes, do as I say! Yaani “Ndiyo, fanya ninavyosema!”. Akaandika. Muda si mrefu kompyuta haina disktopu tena, imebaki skrini nyeusi yenye maandishi meupe inayomwomba jina na nywila, madirisha yote yamekwenda na maji.

Halafu ndio ugomvi ukaanza. Wakongwe wakasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kaambiwa kabisa kwamba ni hatari, kaandika mwenyewe kwa mkono wake, sasa analia nini. Upande wa pili wakasema hii ndiyo sababu watu wanaikimbia Linux. Mimi nimekuwa nikiirudia hii stori mara nyingi kwa vijana ninaowafundisha seva, na kwa muda mrefu nilikuwa upande wa wakongwe, nikiri tu. Nilibadilika siku nilipokaa nikasoma yale maandishi yenyewe kwa utulivu, mstari kwa mstari, kama mtu ambaye hajawahi kuona apt maishani. Ukifanya hivyo unagundua kwamba mkuu alisema, ila alisema kwa mafumbo, tena kwa mpangilio ambao hata mzoefu anaweza kupitwa.

Tuanze na kilichotokea ndani, kwa sababu bila hicho hata ule ujumbe huwezi kuuchambua. Pakeji ni kifurushi cha programu pamoja na karatasi yake, na ile karatasi inasema mimi nahitaji fulani na fulani, na fulani yule siwezi kukaa naye chumba kimoja. Meneja wa pakeji, apt kwa upande wa Debian na watoto wake wote akina Ubuntu na Pop!_OS, kazi yake ni kuzisoma hizo karatasi zote na kutafuta mpangilio ambao kila mtu anaridhika. Steam ina sehemu za biti 32, na kwenye mashine ya biti 64 laibrari (kipande cha programu kinachotumiwa na programu nyingine) ya biti 32 na pacha wake wa biti 64 zikikaa pamoja zinatakiwa ziwe toleo lile lile kabisa, hata tarakimu ya mwisho isipishane. Kipindi kile kwenye repo, yaani maghala ya mtandaoni ya pakeji, za Pop!_OS mapacha hawakulingana. Basi. Kosa la kiwandani, la upande wa waandaaji wa distro, wala System76 hawakulikana, na mtumiaji hapo hahusiki kabisa.

Sasa apt ikaletewa ombi: nataka Steam. Na mantiki ya apt ya enzi zile ni kwamba ulichokitaja kwa jina lake ndicho kizito kuliko vyote. Umesema Steam, kwa hiyo Steam lazima iingie, na kama ili iingie inabidi wengine watoke, watatoka. Ikafuata mnyororo: ili laibrari ya biti 32 iingie ile ya biti 64 ikae pembeni, ile ya biti 64 ikitoka aliyeitegemea naye anatoka, na aliyemtegemea huyo naye anatoka, mpaka unafika kwenye pakeji pop-desktop yenyewe na wenzake, yaani mazingira mazima ya kufanyia kazi. Kwa hesabu ya apt hilo lilikuwa jibu halali. Ni kama umemwambia fundi nataka hii kochi iingie sebuleni, yeye akapima, akaona mlango mdogo, akaamua kubomoa ukuta, na kabla ya kubomoa akakuuliza “una uhakika unataka kochi?”. Unamjibu ndiyo, kwani si kochi ndilo ulilotaka.

Hapo ndipo kwenye kiini. Angalia maandishi yenyewe yalivyopangwa. Apt ya wakati ule ilikuwa inaanza na pakeji ambazo hazihitajiki tena, halafu zinakuja za ziada zitakazowekwa, halafu zinazopendekezwa, halafu ndio zitakazotolewa, halafu mpya zitakazoingia, halafu onyo la pakeji muhimu, halafu mstari wa jumla unaosema ngapi zimepandishwa toleo, ngapi zimewekwa, ngapi za kutolewa. Kila kundi ni fungu la majina yaliyobanana, yametenganishwa na nafasi tu, yanajaza upana wa skrini mpaka yanavunja mstari. Hakuna rangi. Neno REMOVED limeandikwa kwa herufi kubwa, na neno NEW nalo limeandikwa kwa herufi kubwa, kwa hiyo kinachokufa na kinachozaliwa vyote vinapigiwa kelele sawasawa. Steam inavuta laibrari kibao za biti 32, kwa hiyo yale majina ya vitu vipya yanakuja mengi na kuyasukuma ya vitu vinavyotolewa juu, na kwenye dirisha dogo la teminali yanaweza hata kutoka nje ya macho usiyaone mpaka uskroli.

Na mgeni hata akiyaona, je? pop-desktop ni jina ambalo yeye hajawahi kulisikia, hajaiweka kwa mkono wake, ilikuja na mfumo. Kwenye orodha imekaa katikati ya majina kama libfulani1 na libfulani2-0, haina tofauti yoyote na hizo. Onyo lenyewe lilisema pakeji muhimu zitatolewa na jambo hili lisifanyike isipokuwa unajua hasa unachofanya. Soma tena hilo onyo. Linamzungumzia mtumiaji na ujuzi wake. Halisemi hata neno moja kuhusu kitakachokupata baada ya hapo. Halisemi “ukiendelea hutakuwa na madirisha, utabaki na skrini nyeusi”. Mtu anayejiona anajua anachofanya, na anachofanya kwa mtazamo wake ni kuweka Steam basi, atajibu najua.

Halafu sentensi ya kuthibitisha, ambayo naamini ndiyo sentensi mbovu kuliko zote kwenye historia ya teminali ingawa iliwekwa kwa nia njema kabisa. Nia ilikuwa kumchelewesha mtu. Badala ya kubonyeza y aandike maneno marefu, atafakari. Lakini maneno yenyewe yanasema fanya ninavyosema! Na yeye alisema nini? Alisema weka Steam. Hakuna mahali aliposema toa disktopu. Kwa hiyo ukilitafsiri kwa ukweli wa Kiswahili cha kawaida, apt inamuuliza “nifanye ulivyosema?”, anajibu “fanya nilivyosema”, halafu inafanya ambacho hakusema. Tena mtu akishakopi sentensi ndefu akili iko kwenye kunakili, koma iko wapi, alama ya mshangao ipo au haipo, haiko kwenye maana. Kuchosha vidole na kufungua macho ni vitu viwili tofauti.

Linganisha na kutuma pesa kwa simu. Kabla hujaweka namba ya siri skrini inakuonyesha kiasi na jina la anayepokea. Ukiona jina silo unakata. Hakuna mtandao wa simu unaokuambia “unakaribia kufanya jambo linaloweza kuwa na madhara, andika Ndiyo Fanya Ninavyosema”, na wangefanya hivyo watu wangekuwa wanaliandika kila siku kwa haraka na pesa zingekuwa zinakwenda kwa wasiowajua. Kinachookoa pesa ya mama muuza vitumbua pale ni lile jina kukaa mbele ya macho yake, ugumu wa kuthibitisha haumsaidii chochote.

Kuna jambo lingine wengi hawalizungumzii, la mazoea. Ukiiambia apt iweke pakeji moja na hiyo pakeji haihitaji kitu kingine, haikuulizi, inaweka. Ikihitaji vya ziada ndio inauliza kama uendelee, na pale panaandikwa [Y/n], Y ikiwa kubwa, maana yake ukibonyeza Enter tu umekubali. Na karibu kila programu ya maana inahitaji vya ziada. Kwa hiyo mtumiaji ndani ya wiki moja amefundishwa na apt yenyewe kwamba maandishi marefu yakija, jibu ni ndiyo. Mara mia moja ndiyo ilikuwa salama. Ya mia na moja inakuja na sura ile ile, mistari ile ile, ila humo ndani kuna bomu. Jirani zao wa Fedora, distro nyingine yenye meneja wa pakeji aitwaye dnf, wao wameandika [y/N], ukibonyeza Enter bila kufikiri umekataa. Herufi moja kuwa kubwa au ndogo, lakini inaamua mzembe aangukie upande gani, na kila mmoja wetu ni mzembe saa nane usiku.

Na kwa kuwa tumeigusa dnf niimalizie hapo hapo: dnf ina orodha ya pakeji zinazolindwa, na ukijaribu kitu ambacho kingeziondoa, kama systemd au dnf yenyewe, inakukatalia na kukutajia kwamba operesheni hiyo ingeondoa pakeji fulani inayolindwa. Haikuulizi uthibitishe. Tena vitu vyake inavionyesha kwenye jedwali, pakeji, usanifu, toleo, repo, ukubwa, kila kundi na kichwa chake. Ukijuta baadaye kuna dnf history undo. Kwa hiyo hoja ya kwamba “hivi ndivyo meneja wa pakeji walivyo, mtu azoee” haikuwa kweli hata mwaka ule ule wa 2021.

Sasa njoo kwenye kichekesho cha kisa chote. Apt-get ina opsheni -y, ile ya kujibu ndiyo kwa kila swali, ambayo tunawakataza wanafunzi wasiitumie ovyo kwa sababu ni hatari. Ukisoma mwongozo wake umeandika wazi kwamba hata ukiweka -y, kikitokea kitu kibaya kama kuondoa pakeji ya lazima, apt-get inaacha kazi palepale. Yaani yule bwana angeandika ile opsheni inayoonekana ya kizembe, sudo apt install -y steam, disktopu yake ingekuwa salama. Alivyokuwa mwangalifu, akaacha aulizwe, ndipo akaumia. Mpangilio ambao unamlinda asiyesoma na kumwangusha aliyekaa kusoma una walakini mahali, huwezi kuniambia vinginevyo.

Na watengenezaji wa apt somo lenyewe walikuwa wameshalipata kabla, kwenye kona nyingine. Zamani kulikuwa na opsheni --force-yes. Jina tu lenyewe linakueleza hasira, siyo kazi. Lazimisha ndiyo. Ndiyo ya nini? Ya kila kitu: kushusha toleo, kuweka pakeji isiyo na saini, kugusa pakeji uliyoizuia, kuondoa ya lazima. Watu waliiweka kwenye skripti (faili za amri zinazojiendesha zenyewe) kwa sababu moja, labda repo haina saini, na bila kujua wakawa wameruhusu zile nyingine tatu. Ilipofika apt 1.1 wakaipiga marufuku polepole na kuikata vipande: --allow-unauthenticated, --allow-downgrades, --allow-change-held-packages, --allow-remove-essential. Ndefu, zinachosha kuandika, lakini kila moja inataja kitendo chake. Ukiikuta --allow-remove-essential kwenye skripti ya mtu hata usipojua apt unashtuka. Ukiikuta --force-yes unadhani ni mtu mwenye haraka tu.

Kwa hiyo opsheni walizirekebisha, ila lile swali la Yes, do as I say! likabaki pale pale na ufumbo wake ule ule, mpaka video ilipokuja.

Marekebisho yalikuja upesi, hilo lazima tuwape. System76 kwenye apt yao wakaziba njia: ukitaka kuondoa pakeji za lazima inabidi kwanza utengeneze faili tupu iitwayo /etc/apt/break-my-system. Vunja mfumo wangu. Nilicheka nilipoiona mara ya kwanza lakini ukiitazama vizuri ni ujanja mkubwa, kwa sababu ile ridhaa imetolewa kwenye ule wakati wa presha na kupelekwa mahali ambapo huwezi kufika kwa bahati mbaya, na jina la faili linasema matokeo. Hata mtu anayekopi na kupesti kutoka mtandaoni akiona touch /etc/apt/break-my-system kwenye maelekezo atasimama kidogo. Hakuna aya ya maelezo, ni jina tu la faili.

Upande wa apt yenyewe toleo 2.3.12, Novemba ile ile ya 2021, lilifanya mambo mawili. Kwanza ile akili inayotafuta mpangilio ikaambiwa isijaribu kabisa kuondoa pakeji za lazima au zinazolindwa kama njia ya kutatua tatizo, yaani kubomoa ukuta kukaondolewa kwenye majibu halali. Pili lile swali la kuandika sentensi likaondolewa, anayetaka kweli aandike --allow-remove-essential mwenyewe. Mimi hili la kwanza ndilo nalipenda zaidi ingawa ni la pili lililosifiwa. Unaweza kuhangaika na maneno ya onyo miaka kumi, lakini onyo zuri kuliko yote ni lile ambalo halihitaji kutokea.

Mwonekano ulichukua muda zaidi. Aprili 2024 kwenye matoleo ya 2.9 walianza kuonyesha sura mpya, na Aprili 2025 ikatoka rasmi kama apt 3.0. Ubuntu 25.04 ikaja nayo, na Debian 13 ya Agosti mwaka huo nayo ikaja nayo. Ukiitumia unaona tofauti sekunde ya kwanza: majina yamepangwa kwa safu badala ya kubanana, vichwa vya makundi ni vifupi, vinavyowekwa vina rangi ya kijani na vinavyotolewa vyekundu, na kundi la vinavyotolewa limeshushwa chini mwisho, karibu na pale macho yako yapo wakati unajiandaa kujibu. Hilo la kushusha chini linaonekana dogo lakini ndilo lililokosekana siku ile. Mtu kwenye teminali hasomi kutoka juu kama gazeti, anaangalia pale kishale kinapowaka, na kadiri mstari unavyokuwa mbali na kishale ndivyo unavyokuwa kama haupo.

Niseme kidogo kando hapa kuhusu rangi, kwa sababu nilishabishana na mtu. Nyekundu peke yake haitoshi, kuna wasioitofautisha na kijani, na kuna wanaosoma logi ambazo rangi zimeshapotea. Ndiyo maana ni vizuri kwamba kichwa cha kundi nacho kinataja kwa neno, na kwa herufi kubwa, REMOVING, safari hii ikiwa herufi kubwa ni yeye peke yake. Rangi ni ya kumshtua, neno ni la kumweleza.

Sasa kwenye kisa hiki kuna hoja ambayo watu waliileta sana, kwamba angeanza na sudo apt update kabla ya kuweka kitu. Labda. Lakini jiweke kwenye nafasi yake, mtu wa Windows. Kwake update ni kupandisha programu toleo. Kwenye apt, update haipandishi chochote, inachukua tu orodha mpya ya bei sokoni, bidhaa hujanunua. Upgrade ndiyo inanunua. Halafu kuna full-upgrade, ambayo kwenye apt-get inajulikana kama dist-upgrade na watu wakadhani ni ya kuhamia distro nyingine, kumbe tofauti yake ni kwamba hii inaruhusiwa kuondoa pakeji ili ifanikishe na ile nyingine hairuhusiwi. Kwenye dnf neno update na neno upgrade ni kitu kimoja. Kwenye pacman, meneja wa pakeji wa distro ya Arch, hakuna neno kabisa, ni pacman -Syu, na ukisahau u ukaandika -Sy na jina la pakeji umejitengenezea mfumo wenye nusu ya juzi na nusu ya leo, jambo ambalo Arch wenyewe wanasema hawaliungi mkono. Mwaka 2014 ilipoletwa komandi ya apt, ile fupi, pembeni ya apt-get, lengo lilikuwa ni hilo hilo la kurahisisha mambo kwa binadamu huku apt-get ikibaki kwa skripti, na walifanya vizuri kwenye mengi, ila waliyaacha majina ya update na upgrade yalivyo. Naelewa, ukiyabadilisha unavunja mazoea ya miaka zaidi ya kumi na tano. Ila basi tusimlaumu mgeni.

Remove na purge hivyo hivyo. Remove inaiondoa programu inaacha faili za mipangilio, purge inaondoa vyote. Nimeona kijana ameondoa na kurudisha seva ya wavuti mara tatu akitegemea ianze upya safi, na kila mara kosa lake la kwenye faili ya mipangilio linamsubiri pale pale, kwa sababu alitumia remove. Hakuna mahali kwenye skrini paliposema “faili zako za mipangilio nimeziacha”. Na autoremove ndiyo ya kuchunga zaidi, maana apt yenyewe inakushauri uiendeshe. Ukitoa pakeji mama kama ubuntu-desktop, ambayo ndani haina kitu ila orodha ya pakeji inazozihitaji, wote waliokuja kwa jina lake sasa wanaonekana yatima, na apt inakuambia kwa upole kabisa kwamba hawahitajiki tena, tumia sudo apt autoremove. Neno “hawahitajiki” hapo ni la mashine. Hesabu ya mashine ni kwamba hakuna pakeji nyingine inayowahitaji, wewe binadamu hukuhesabiwa. Ukilisoma kwa Kiswahili cha kawaida unaona ni usafi wa nyumba.

Kuna mstari mmoja kwenye apt ya zamani ambao ulikuwa mzuri siku zote na sisi wa huku tunausoma kuliko mwingine wowote, ule unaosema itapakua megabaiti ngapi na itachukua nafasi kiasi gani kwenye diski. Ukiwa unatumia bando la simu kwenye laptopu huo ndio mstari unaoamua kama unaendelea au unasubiri usiku. Na utagundua ni kwa sababu unasema matokeo kwa kipimo kinachokugusa, haukuulizi kama unajua unachofanya. Nimewaona watu wale wale wanaoruka maonyo yote wanasimama kwenye huo mstari, wanasema aah, megabaiti mia tatu, hapana. Inamaanisha watu wanasoma. Wanasoma kinachowahusu.

Ninachowafundisha vijana kwa sasa ni kuanza na -s, yaani apt install -s halafu jina, inaigiza tu haifanyi kitu, wala haihitaji sudo. Halafu watafute mistari inayoanza na Remv, ambayo ndiyo alama ya vinavyotolewa kwenye maigizo. Kama kuna Remv moja ambayo hukuitegemea, simama, uliza. Opsheni nzuri sana, ila angalia na yenyewe: -s, ndefu yake --simulate, na pia inaitika kwa --dry-run na --just-print na --no-act na --recon. Majina yote hayo ya kitu kimoja, na hakuna hata moja ambalo apt inakutajia pale inapokuuliza uendelee au la, wakati ndio mahali pekee ambapo mgeni angelihitaji.

Kwa hiyo ukimchukua mtu yule yule, ombi lile lile, mapacha wale wale wasiolingana, ukamweka mbele ya apt iliyorekebishwa baada ya video, disktopu haiendi popote. Hilo limetibiwa. Ila atapata nini kwenye skrini? Atapata ule ujumbe wa miaka yote unaosema haiwezi kurekebisha matatizo, umezishikilia pakeji mbovu, you have held broken packages. Hajashikilia kitu. Kushikilia kwa lugha ya apt ni kitendo maalum unachokifanya mwenyewe kwa apt-mark hold, na yeye hata hajui kama kipo. Anaambiwa kafanya kitu ambacho hakufanya, kwa kosa lililoko kwenye repo. Apt 3.0 imejaribu kwenda mbali zaidi, inaweza kukuonyesha kwamba imefika kwenye maamuzi mawili yanayopingana, la kwanza pakeji hii imechaguliwa kwa sababu ya ile, la pili haikuchaguliwa kwa sababu ya nyingine, kwa namba kabisa. Kwangu mimi hiyo ni dhahabu, naiona njia yote. Kwa mtu anayetaka kucheza gemu jioni ni ukurasa wa hisabati, hakuna sentensi inayosema “kosa liko kwenye repo, jaribu tena kesho”.

Na ukikumbuka, kabla ya teminali, kabla ya Yes, do as I say!, kulikuwa na Pop!_Shop, ambayo ilikataa vizuri tu na haikuvunja kitu. Ilikataa bila kueleza. Ndiyo iliyomtuma mtandaoni kutafuta komandi.